Mlango wa Kijani wa Beni

Wateja wa vijijini hawakulijua duka letu la Butembo kwa jina. Walisema "kwa mulango ya vert", mlango wa kijani, basi. Rangi ile aliichagua mama. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikakaa nyuma ya meza ya mama ili wadogo zangu waendelee kusoma. Niliuza chumvi, sabuni na mafuta ya mawese kwa jumla. Wenye vibanda wa Vuhovi, Manguredjipa na Eringeti waliniachia mizigo yao niitunze bure, wakazunguka soko mikono mitupu. Aliyeacha mfuko wake kwako atarudi kwako kabla ya kupanda gari, na akirudi atanunua. Ndiyo mbinu niliyorithi, na ilitulisha.

Watu wa Eringeti hupita Beni kabla ya kufika Butembo. Nikawaza tuwafuate: tufungue tawi Beni karibu na parking ya magari, mlango rangi ileile, mizigo itunzwe vilevile. Nilimweleza mdogo wangu anayenifuata, aliyesomea biashara, tukiwa tunakula. Alisikiliza mpaka bugali ukapoa. Nikamtuma akatafute nyumba. Alirudi akitikisa kichwa, akaniita yaya, dada mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, ku Beni nyumba ni bei ya wazimu. Tuache kwanza."

Tukaacha. Baadaye alisema amepata kazi kulekule, kwa tajiri mmoja, akaomba rangi iliyobaki apake chumba chake. Nilimpa kopo na brashi.

Watu wa Eringeti wakapungua. Nilidhani ni ubovu wa barabara. Kisha mama mmoja wa huko, mteja tangu enzi za mama yangu, alikuja Butembo kwenye kilio, akapitia dukani.

"Leo hauna mufuko?" nikamuuliza.

"Ya nini? Nilipita kukusalimia tu. Bitu tunanunuaka sasa kule kwenu ku Beni. Mulifanya muzuri kutusogelea. Mupaka mulango, rangi moja!"

Akacheka, akanipiga begani. Nami nikacheka, maana sikujua uso wangu niuweke vipi.

Kesho yake nilikwenda Beni. Kijani kile nilikitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Mifuko ya watu ilipangwa ukutani kama kwangu. Mdogo wangu alikuwa mlangoni.

"Yaya! Karibu kwako."

"Kwangu? Tangu lini?"

"Usikasirike. Patron, yule tajiri wangu, alitoa mtaji. Ni marketing tu. Wewe mwenyewe ulisema ba client wafuatwe."

"Na uliwaambia ni duka moja?"

Akatazama chini. "Wanaulizaga, yaya. Nikasema ndiyo, ni ya kwetu."

Rangi ningemsamehe. Lakini watu walimwamini kwa ajili ya mama, naye akawauzia bidhaa za mtu mwingine. Niligeuka kwa wateja waliokuwa pale.

"Hii nyumba hapana yangu. Yangu ni moja tu, iko Butembo."

Mwanaume mmoja aliyekuwa akifunga katoni ya sabuni aliinua kichwa.

"Pole sana, mama. Lakini bei ni moja, na njia ni fupi."

Akaendelea kukaza kamba. Hakunitukana. Alisema kweli. Mdogo wangu alinifungulia soda. Niliiacha juu ya meza yake.

Watu wa Eringeti sikuwapata tena. Wadogo zangu wawili bado wanasoma, kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilifungua duka kama kawaida, na mifuko ya kwanza kuwekwa ilikuwa ya watu wa Manguredjipa. Niliitazama sana. Njia yao nayo ni ndefu, na siku moja mtu mwingine atalifikiria hilo.

Nikanunua kopo jipya la rangi ya kijani. Dada yetu mdogo aliomba nimtume yeye akatafute nyumba huko, maana barabara ni mbaya na mimi nachoka. Hajanikosea kitu. Hata hivyo nilimwambia abaki na duka, nikapanda pikipiki na kopo langu magotini. Bei ya nyumba za Manguredjipa nilitaka kuisikia kwa masikio yangu.