Siku Dagdu Alipomweleza Mkewe Pango

Kunguru walikuwepo, wamejaa kwenye mgunga ng'ambo ya mto, lakini hakuna aliyeshuka. Donge la wali lenye ufuta lilikuwa juu ya jani, jani juu ya jiwe, na jua lilikuwa limeshapanda. Ilikuwa siku ya kumi tangu Rakhma afariki. Kwetu, kunguru akidonoa lile donge, marehemu ameridhika na anakwenda zake. Asipodonoa, kuna jambo alilitaka akafa nalo, na waliobaki hawana budi kulitaja na kumwahidi.

"Dada, ng'ombe wako nitamtunza mimi," alisema Hirabai, mdogo wa marehemu.

Kunguru hawakutikisika.

"Na lile sufuria lako la shaba sitaliuza!"

"Kumbe ulitaka kuliuza?" mtu mmoja aliuliza kwa nyuma. Watu wakacheka kidogo.

Dagdu, mume wa marehemu, alikuwa amekaa chini, kichwa kimenyolewa, mikono juu ya magoti. Hakulia mkewe alipokata roho, wala hakulia mbele ya moto uliomchoma. Tulimngoja alie mpaka tukachoka. Kila aliyempa pole alijibiwa, "Haya."

Ukoo wake ndio unaohudumu katika hekalu la mungu Mahadev, pango lililochongwa ndani ya mlima wetu. Kufagia, kuliosha jiwe takatifu, kuliwekea majani mabichi, hiyo ndiyo kazi aliyorithi. Serikali ilipoweka lango ikampa ufunguo, na baadaye akawa ndiye anayewazungusha wageni. Nje alikuwa bubu; mle ndani ulimi ulifunguka. Lakini mfiwa haingii hekaluni, kwa hiyo tangu msiba binamu yake ndiye aliyeshika zamu. Dagdu alikaa kibarazani akitazama ukuta.

"Jua linatuunguza," alisema kasisi aliyeongoza ibada. "Nisuke kunguru wa majani, tuliguse donge naye, tumalize."

"Kunguru wa majani? Ili kijiji kiseme dada yangu ameondoka na kinyongo?" Hirabai alimgeukia Dagdu. "Shemeji, sema basi! Umeishi na mwanamke tangu ujana wako, hujui alitaka nini?"

"Sijui."

"Sari?"

"Alikuwa nazo."

"Kwenda kuhiji Pandharpur?"

"Tulikwenda."

Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kusema "Haya", "Aliniambia nimweleze pango. Alikuwa akiniletea chakula, anakaa ngazini, ananisikia kwa mbali nikiwaeleza wageni. Akasema, na mimi nizungushe siku moja. Nikamwambia kesho, leo kuna watu."

"Basi mwahidi!"

"Nimwahidi vipi? Amekufa."

Dagdu aliinuka, akajipangusa vumbi, akalielekea lile jiwe lenye donge.

"Anza kutazama juu, Rakhma. Hawa hawakujenga, walichonga. Walianza na dari wakashuka na mlima, sakafu ikawa mwisho, ndiyo maana hawakuhitaji jukwaa. Nguzo hizi hazikuletwa. Ni mlima wenyewe, waliuacha hapa wakautoa pale. Aliyekosea patasi hakuwa na la kubandika. Huyu ni Mahadev anacheza. Mkono huu jiwe lilikuwa na ufa, wakaukunja uupite ufa. Baba alisema waliochonga ni Pandava, wale ndugu watano wa hadithi za kale, kwa usiku mmoja. Serikali inasema ni wafalme, na kwamba babu alianza, mjukuu akaendeleza. Mimi nawaambia wageni yote mawili."

Alikuwa akinyoosha kidole hewani, mara kulia, mara juu. Usoni hapakuwa na kitu. Hirabai alijifunika mdomo kwa ncha ya sari.

Kunguru mmoja alishuka, akarukaruka juu ya mawe, akalidonoa donge, akapaa na wali mdomoni.

"Amekula! Dada amekula!" Hirabai aliangua kilio. Kasisi akaanza kukusanya vyombo vyake. Watu waliinuka, wengine wakitafuta viatu.

Dagdu hakugeuka.

"Sasa chumba cha ndani," alisema. "Inama, mlango ni mfupi. Utaona giza. Simama tu, macho yatazoea."

"Shemeji," Hirabai alimshika kiwiko, "ameshakula. Twende ukaoge."

"Bado upande wa kushoto," alisema Dagdu.

Hirabai alimwachia. Tukavua viatu, tukakaa tena chini juani, tukamngoja amalize.