Diski ya Watoto

Ilikuwa kwenye sanduku la tatu, katikati ya nyimbo za Krismasi na muziki wa filamu za Kihindi: santuri kubwa, na kwenye jalada lake konokono amevaa taji, anapanda ngazi isiyoegemea kitu chochote. Nilifunga lile sanduku. Nikalifungua tena kuangalia mara ya pili, maana macho yangu yakitaka kitu siyaamini sana. Konokono alikuwa bado anapanda.

Nilikuwa kwenye gereji ya mzee mmoja wa Kihindi huko Chatsworth, Jumamosi asubuhi, nikitafuta simu mbovu za kutoa vipuri. Ndiyo kazi yangu hapa Durban. Mzee alikuwa anauza vitu vya marehemu kaka yake, mtu ambaye kwa niliyoyaona hakuwahi kutupa chochote maishani.

"Hiyo rock ya Ulaya, bosi," akaniambia. "Ya watu waliosoma. Sijui hata wanaimba lugha gani. Two fifty."

Niliirudisha sandukuni kama kitu kilichoniunguza.

"Anko, two fifty kwa konokono? Huyu hata miguu hana."

Tukavutana. Mwishowe akaniongezea na gramafoni ya kaka yake, na mimi nikaongeza ahadi ya kumbadilishia kioo cha simu bure. Tuliachana kila mmoja akiamini amemwibia mwenzake kidogo. Kwangu hiyo ndiyo biashara safi.

Nisichomwambia ni kwamba two fifty ningelipa, na ningeongeza.

Kwetu Bukavu tulikuwa na santuri moja tu kubwa. Gramafoni yenyewe Baba aliachiwa na mzungu mmoja, mhandisi aliyekuwa anarudi kwao, na juu yake akamwachia na huyo konokono. Santuri nyingine zote za Baba zilikuwa ndogo, za rumba, wimbo mmoja kila upande. Ya mzungu ilikuwa kichekesho. Muimbaji alikuwa na sauti nyembamba, kama mtoto aliyemeza filimbi, na ngoma zilikuwa zinakimbizana nyuma yake. Baba alisikiliza, akatafakari, akatangaza kwamba huo ni muziki wa watoto wa Ulaya. Tukaiita diski ya watoto. Jumapili baada ya misa alivua koti, akaiweka, akanishika mikono yote miwili, akacheza na mimi sebuleni. Nilikuwa na miaka sita. Sijafikisha saba akafariki.

Hayo ni kwa mujibu wangu. Kwa mujibu wa yaya, kama tunavyomwita kwetu dada mkubwa, hayo yote hayakuwahi kutokea.

"Ulilota, petit," huwa ananiambia. "Baba hakukuwaka mtu wa kucheza. Baba alikuwa karani wa parokia. Hata kucheka alikuwa anaomba ruhusa kwa padri."

Yeye wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne. Ukiweka mashahidi wawili, mmoja wa kumi na minne na mmoja wa sita, kila hakimu atamwamini mkubwa, na mimi pia ningemwamini. Mama hayupo tena, nyumba ina watu wengine, picha hatuna hata moja. Kama diski haikuwepo, basi na kule kucheza hakukuwepo, na mimi kwa Baba ninabaki na kikohozi chake na harufu ya wino tu.

Jioni ile ya Jumamosi nikaiweka. Akatoka mwanaume mzima, sauti nzito, akaanza kuguna kama mtu anayeshuka kisimani na gunia la saruji mgongoni. Kinanda kikamfuata polepole, kama kinamhurumia. Upande wa kwanza ulichukua dakika ishirini na mbili. Nikaupiga tena, nikapima tena: ishirini na mbili. Hapakuwa na mtoto, wala filimbi, wala kitu ambacho mtu mwenye akili angekichezea. Ulikuwa muziki wa kuzikia.

Nikasema, basi, yaya ana haki. Jalada nililiona mahali fulani utotoni, mengine nikayajazia mwenyewe. Wiki ile nilitengeneza simu vibaya. Wateja watatu walirudi.

Jumamosi iliyofuata nikabeba kila kitu mpaka Chatsworth.

"Anko, umeniuzia kitu kibovu."

"Kibovu?" Alikasirika kwa niaba ya gramafoni, si ya diski. "Mashine ya kaka yangu kibovu? Eish, leta hapa."

Akaichomeka juu ya friza, akaweka konokono. Yule mwanaume akaanza kuguna.

"Sikia. Inazunguka safi. Hii ni thelathini na tatu, mwendo wa diski kubwa." Akasukuma kijiti kidogo pembeni. "Na hii arobaini na tano, ya zile ndogo. Unaona? Zote zinafanya kazi, bosi. Kibovu iko wapi?"

Mtoto aliyemeza filimbi alikuwa anaimba ndani ya gereji.

Nilishika friza. Baba lazima alikiacha kile kijiti kwenye arobaini na tano siku zote. Kwa nini akiguse? Diski zake zote zilikuwa ndogo. Muimbaji wa watu alikuwa anaomboleza taratibu mambo yake, na sisi tukamkimbiza kila Jumapili mpaka akawa mtoto.

Mzee akataka kurudisha kijiti.

"Acha hivyo, Anko."

"Hivi si sawa, bosi. Unaharibu muziki wa watu."

"Acha hivyo hivyo."

Akanitazama. "So, unarudisha ama hurudishi?"

"Sirudishi."

"Sharp. Lakini kioo changu kiko palepale."

Kesho yake, baada ya ibada, nikampelekea yaya gramafoni na diski. Anasuka nywele saluni mjini, na Jumapili hukaa chini kwenye zulia akipanga nywele za bandia kwa rangi. Hakuangalia hata jalada.

"Tena ile ndoto yako."

Nikaweka kijiti kwenye arobaini na tano, nikashusha sindano, nikakaa. Mikono yake iliendelea kupanga, nyeusi huku, kahawia kule. Wimbo wa kwanza ulipofika katikati, akainua kidole kimoja bila kuinua macho.

"Hapa inaruka," akasema.

Haikuruka. Hii ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Mikono yake ikasimama.

"Ilikuwa inaruka hapa," akasema tena, polepole. "Na Baba alikuwa anaruka nayo."

"Yaya. Ulisema nililota."

Alisogeza nywele pembeni. Halafu akaniambia kwamba baada ya maziko Mama alimtuma sokoni kuuza gramafoni na diski zote. Aliibeba kichwani, na mimi nikamfuata nyuma nikilia mpaka sokoni. Nililia kesho yake. Nililia na keshokutwa.

"Ulikuwa unaita ile diski kama vile unaita mtu," akasema. "Na Mama alikuwa anasikia. Nikakuambia haiko, ulilota. Ukanyamaza. Nikaona dawa inafanya kazi, nikaendelea kukupa."

"Miaka yote hii?"

"Kisha na mimi nikaizoea."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena makali, na yote yalikuwa ya haki. Upande uliisha. Sindano ikabaki inagonga katikati, tok, tok, na hakuna aliyeinuka.

"Alikuwa anaruka na mguu wa kushoto," yaya akasema. "Wa kulia ulikuwa unamuuma. Hakutaka mujue."