Mholanzi wa Kugonga Kuta

Yule Mholanzi hakai kitako kabla hajagonga ukuta. Mikono yake mikubwa kama ya fundi, kucha safi. Najat, mwanafunzi anayemtafsiria, aliniambia, "Bibi, huyu kwao mwanasiasa. Tangu ujana anapigania watu wapate nyumba." Basi laobani wetu, mwenye jengo, akamleta anishawishi nihamie ghorofa jipya, mbali na soko la nguo la Guangyuan. Mimi nimeshasema sitoki.

Aliingia kwangu, akavua viatu bila kuambiwa, akagonga ukuta mara mbili, akatega sikio kama anayechagua tikiti maji. "Mwembamba mno," akasema. Mara jirani yangu Sihaba huyo, kikombe mkononi: "Chai tayari, shoga?" Sisi ndivyo tunavyoitana, kwa kugonga ukuta. Najat alipomweleza, Mholanzi akawa mwekundu, kisha akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

Sihaba alipokwenda zake, laobani akamhimiza Mholanzi, "Mwambie sasa ahame." Yule bwana akanitazama, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Akaugonga tena, taratibu.

Sihaba akarudi na kikombe chake. "Leo mwaniita mara ngapi?"