Kopo la Mafuta la Mama Mistari

Saa tano asubuhi, na simu bado haijalia.

Imelazwa juu ya kigoda, mahali ambapo Mama Mistari anaweza kuiona bila kuinua shingo. Mikono yake haisimami. Kitana kinachora njia, vidole vinachukua nywele, vinapishana, vinakaza. Binti anayesukwa ameketi nje ya saluni chini ya turubai, akiutazama ukuta. Barakoa yake imefungwa kisogoni kwa utepe.

"Tulia basi, mwanangu. Ukisinzia nitakuchora njia ya panya."

Binti anacheka. Mama Mistari hacheki. Wodi huwapigia ndugu wa wagonjwa mara moja tu kwa siku, kabla ya adhuhuri. Jana muuguzi alimwambia kwamba leo watajaribu kumwondolea baba yake oksijeni, waone kama kifua kitaweza chenyewe.

Jina la Mama Mistari alipewa na wateja, kwa jinsi mistari yake inavyonyooka. Amesuka miaka mingi katika chumba chenye viti vitatu na dirisha lililozibwa na bango la mitindo. Nyuma ya pazia, katika chumba hicho hicho, ndipo alipokuwa akilala baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu na kifua kilichochoshwa na moshi wa kazi. Tangu ugonjwa uingie mjini, mzee hakuwahi kuvuka geti.

"Nilijua huu ukimpata baba, ndiyo basi tena," anasema. "Kwa hiyo nikajifanya askari wa mlangoni."

Silaha ya askari huyo ilikuwa kopo la mafuta ya nywele. Alikuwa amesikia redioni kwamba wagonjwa hupoteza uwezo wa kunusa, naye akaona amepata kipimo cha bure. Kila mteja aliyefika alisogezewa kopo puani.

"Nusa! Harufu gani? Akisema waridi, namwambia pita mpenzi, wewe mzima."

Akishapita, barakoa ilivuliwa. Kamba za masikioni humzuia msusi kushika nywele za pembeni, na hakuna mwanamke anayekubali kutoka saluni pembeni pamebaki vululuvululu. Basi walikaa humo saa nyingi, dirisha limezibwa, umbea umekolea, vicheko juu ya vicheko.

"Kopo moja," anaongeza, na sauti inashuka. "Pua baada ya pua. Na mimi ndiye niliyekuwa nalinusa wa kwanza kila asubuhi, kujihakikishia kwamba sina kitu."

Tusimcheke. Siku zile nani alijua ashike lipi? Asubuhi mtaalamu mmoja alisema redioni kwamba hata asiye na dalili anaweza kuambukiza. Jioni mwingine akasema hilo ni nadra. Habari ilipofika kwenye foleni ya maji ilikuwa imeshageuka: asiyekohoa haambukizi kabisa. Muuza mkaa wa jirani, ambaye mtaa mzima unamwita Masizi, aliufunga mjadala.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alisema. "Moto usio na moshi mmeuona wapi?"

Jumamosi moja akaja Mwalimu, mteja wa siku nyingi. Shule yake ilikuwa imewapima walimu wote kabla ya kufunguliwa, na majibu yalikuwa hayajatoka. Hakuwa na mafua wala homa. Alinusa kopo, akataja waridi, akapita.

Nusu ya kichwa ilikuwa imekamilika simu yake ilipolia. Aliiweka kwenye spika ili asimsumbue msusi. Sauti ya upande wa pili ikasema ana virusi, abaki nyumbani.

Chumba kilihamwa kufumba na kufumbua. Mteja mmoja alikimbia na kitana cha saluni kikiwa kimechomekwa kichwani. Mwalimu alibaki amesimama katikati, upande mmoja mistari, upande mwingine nywele timutimu.

"Lakini mimi siumwi, jamani," alisema.

Nyuma ya pazia mzee akakohoa, na Mama Mistari akapasuka.

"Umeniulia baba! Toka! Toka kwangu!"

Mwalimu akajitanda mtandio, akaondoka. Jioni ile mzee alishindwa kumaliza sentensi, akapelekwa hospitali. Siku zilizofuata, hata baada ya muda wake wa kujitenga kwisha, ndoo ya Mwalimu ilisukumwa kando kwenye foleni ya maji. Mtaa ulikuwa umeshampata mwenye kosa.

Mzee alipolazwa tu, mhudumu wa afya alikuja kumpima Mama Mistari. Majibu yalionyesha kwamba naye ana virusi, yeye ambaye hakuwa amepiga chafya hata moja. Mhudumu akamuuliza mzee alianza kukohoa lini.

"Alhamisi. Nikadhani ni kile kifua chake cha siku zote."

"Na Mwalimu alikuja lini?"

"Jumamosi."

"Mzee hutoka nje?"

"Hatoki."

"Nani anamlisha?"

Mama Mistari anapoyasimulia haya, mikono inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

"Nikakaa chini palepale sakafuni. Ugonjwa ulikuwa ndani kabla Mwalimu hajakalia kiti. Mimi ndiye niliyekuwa naingia na kutoka. Mimi ndiye niliyekuwa nampulizia baba uji upoe."

Mhudumu alimweleza taratibu. Mtu anaweza kuvibeba virusi na kuvitoa kwa pumzi na mazungumzo siku kadhaa kabla hajaugua, au asiugue kabisa. Pua kunusa vizuri si ushahidi kwamba mtu hana virusi.

Alipomaliza kujitenga, Mama Mistari alikwenda bombani foleni ikiwa imejaa. Alisema kwa sauti kwamba Mwalimu hakumletea ugonjwa, na kwamba kama kuna aliyemwambukiza mzee, ni bintiye.

"Acha hizo, mama," Masizi alidakia. "Wewe hata hukukohoa! Moto bila moshi..."

"Mkaa wako ukikolea, Masizi, unatoa moshi?"

Watu waliangua kicheko, kisha kikakatika ghafla. Masizi alijitazama viganja. Wateja wengine wa Mama Mistari hawajarudi tangu siku ile.

Kutoka bombani alikwenda kwa Mwalimu, akasimama uani, akaomba radhi. Mwalimu alimsikiliza akiwa dirishani, kichwa kimefungwa mtandio.

"Nimesikia," alisema, akafunga dirisha.

Simu inalia.

Vidole vya Mama Mistari vimenaswa nywelani. Binti anainyakua na kuiweka kwenye spika. Muuguzi anasema subiri mama, kuna mtu hapa anang'ang'ania kuongea. Inasikika mikwaruzo, halafu pumzi ndefu, halafu sauti nyembamba.

"Wewe... yule Mwalimu... umemmalizia kichwa?"

Mzee alikuwa amesikia kila kitu, kule nyuma ya pazia.

"Bado, baba."

"Kazi haiachwi nusu. Kammalizie."

Mama Mistari analia waziwazi, machozi yakilowesha barakoa, na binti anayesukwa analia naye ingawa mzee mwenyewe hamjui. Muuguzi anarudi kusema mgonjwa ameshinda tangu alfajiri bila mtungi, na kwamba wiki ijayo, akiendelea hivi, ataruhusiwa.

Atamkuta binti yake amepanga upya maisha. Bango la dirishani limebanduliwa. Viti vyote vitatu vimetoka nje, na havirudi ndani. Mzee atalala kwa dada yake Mama Mistari, kwenye chumba chenye mlango.

Kabla hajaendelea kusuka, Mama Mistari anamtumia Mwalimu ujumbe, akimwandikia maneno ya baba kama yalivyo. Anasubiri. Anasuka mstari mmoja, wa pili, wa tatu, jicho kwenye kigoda.

Jibu linapoingia, anamwomba binti amsomee, kwa kuwa macho yake bado yamejaa maji.

"Jumamosi. Nje. Na lile kopo lako sinusi."