Maana ya Pili ya "False"

Duka la ushonaji la baba yake Zuhura lilinuka kitambaa chenye unyevu kilichopigwa pasi ya makaa, na hadi leo harufu hiyo hunirudisha Gisenyi, Rwanda, msimu wa mvua nilipokuwa darasa la tano. Shule yetu ilikuwa ndiyo kwanza imehama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mwalimu wetu, aliyerudi kutoka Uganda, alikuwa na kamusi moja tu, akamkabidhi rafiki yangu Zuhura aitunze. Mchana mmoja nilimwomba anionyeshe, nikaivuta kwa pupa, ukurasa ukapasuka. Mwalimu alipouliza, nilisema sijawahi hata kuishika. Zuhura alinitazama, hakunitaja. Akanyang'anywa kamusi, na jina lake likafutwa kwenye mashindano ya kusoma Kiingereza. Nafasi yake nikapewa mimi.

Siku ya nne baada ya hapo mwalimu aliandika ubaoni neno "false", akaniuliza maana yake. Nikajibu kwamba ni kitu kisicho cha kweli. Akasema hiyo ni nusu tu. Huitwa hivyo pia mtu anayemgeuka yule anayemwamini. Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilinishinda. Nilikuwa nimemgeuka mtu aliyenifichia siri. Nikasimama.

"Mwalimu, kamusi ni mi niliyeipasua. Zuhura hana kosa."

Akalifuta jina langu kwenye orodha ya mashindano na kulirudisha la Zuhura. Nilidhani yameisha. Tulipotoka nje, Zuhura aliniambia taratibu, "Kusema umesema. Lakini kukuamini, mi siwezi bado."

Sikubishana. Kila Jumamosi nilikwenda dukani kwao, nikaketi kwenye benchi na kumsaidia baba yake kushona vifungo. Majuma ya kwanza Zuhura alinipa mgongo, nami nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Mvua zilikuwa zimekatika ndipo aliponisogezea kikombe cha chai, akaniuliza habari za mama.

Siku hizi watoto wa Gisenyi wanazungumza Kiingereza ambacho sisi hatukukiota, nami ninaishi kwa kazi ya ukalimani. Maneno hayanisumbui tena kama zamani. Kinachonigharimu bado ni kuyaishi. Mwaka jana Zuhura alilazwa kwa upasuaji. Muuguzi alimwuliza ni nani apigiwe simu likitokea lolote. Alitaja jina langu, kisha namba yangu, kwa kichwa.