Kisamvu Kisicho na Chumvi

Wasomaji wangu, Ijumaa tumemzika msukaji wa mikeka wa Kitomanga, mtani wangu, mwanamke aliyecheka kwa sauti ya kuwatimua kuku uani. Watu wa kwao na wa kwetu ni watani tangu enzi za mababu, na kazi ya mtani msibani mnaijua: huiga mwendo wa marehemu, huwachekesha wafiwa mpaka kilio kilichowakaba kipate njia. Nasikitika, na bado natabasamu nikimkumbuka.

Waliomfahamu mara baada ya vita vya Maji Maji hawataamini kwamba alicheka. Vita vilimchukulia mume na watoto wawili, wakazikwa porini haraka haraka, bila matanga wala mtani. Akabaki na binti mmoja mdogo. Siku moja nilimwona akiepua chungu cha moto kwa mikono mitupu, ngozi ikababuka, naye hakushtuka. Nikamuuliza, "Huumii, mtani?" Akajibu kwa upole, "Yupo mwanamke anasuka, anapika, mie namtazama tu. Labda yeye ndiye anayeumia." Kisamvu chake hakikuwa na chumvi, kwa kuwa hakusikia ladha. Binti akilia, alimwangalia kama mtoto wa jirani. Watu walisema ana moyo mgumu. Mimi niliogopa kwamba yule mtoto, aliyekwisha kufiwa na baba, angempoteza na mama aliye hai.

Basi nikafanya upuuzi. Asubuhi moja, miaka mitatu baada ya maziko yale, nilivaa pakacha, kile kikapu cha makuti, kichwani kama marehemu mumewe alivyozoea kujikinga jua, nikaingia uani nikichechemea mwendo wake. Bwana yule alilalamikia chakula maisha yake yote. Nikasema kwa sauti yake, "Bibi wee, mboga hii haina chumvi." Wazee waliokuwa barazani walinikemea kweli kweli. Yeye akaendelea kusuka, halafu vidole vikasimama. "Na chungu kizima," alisema, "ulikimaliza wewe." Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia hadi alasiri, amempakata binti yake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Safari hii wa mbali alitangulia. Kesho yake alinialika chakula, na chumvi aliyoitia ingetosha kukausha papa. "Nimeionja mwenyewe," akajigamba.

Ijumaa nilikwenda na pakacha langu nifanye kazi yangu, miguu ikakataa. Nilikaa mkekani kama gogo, sihisi chochote. Yule binti, sasa mke wa mtu, naye ana mtoto mgongoni, akaniletea sahani. "Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

"Mama aliniusia nikupikie wewe peke yako, na akanieleza namna ya kupika."

Nikaonja. Kisamvu hakina chumvi hata chembe. Nikakohoa, nikavaa pakacha, nikasema yale maneno kwa sauti ya baba wa binti yule. Msiba mzima ukacheka, nami nikalia. Wasomaji wangu, pwani hii bado ina wafu wengi wa vita waliozikwa bila matanga, na wafiwa wao tunawaita wenye mioyo migumu. Msiwaseme. Jitwikeni pakacha mwende kwao, hata kama miaka imepita.