Vidole Vitatu na Nusu

Gari lilikuwa la kabla ya vita. Mwenyewe, mfanyabiashara wa Kilembwe, alituletea hapa mjini Baraka ubao wa mbele wa gari hilo, ule wa chini ya kioo, tuupulize rangi upya. Uso wa ubao ulikuwa na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kenge, naye alitaka vibaki vyote.

Tulikuwa mafundi wawili, mimi na mwenzangu wa Ubwari, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kupaka rangi. Sasa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na wateja walianza kumuulizia yeye. Jambo hilo liliniuma. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikaanza kumchunga.

Yeye aliusugua ubao kwa msasa laini na kuuosha. Mimi nilikuwa na pampu ya mkono ya kupulizia rangi. Mchana tulikula pamoja bugali na sombe, yale majani ya muhogo, iliyoiva kwa mafuta ya mawese. Yeye alibaki akisugua mikono kwa sabuni, nami nikimcheka moyoni kwamba anajifanya bwana. Mimi nilinawa maji tu, mbiombio, nikaenda kuupapasa ubao nione kama hajaviua vile vipele.

Nilipopuliza, rangi ilikimbia. Ilishika huku, kule ikaacha madoa matupu. Tukakwangua, tukarudia, mambo yakawa yale yale. Nikamwambia mbele ya watu kwamba anapaka mafuta kwa siri ili mimi nionekane sijui kazi.

Hakupandisha sauti. "Mi sikupaka kitu, yaya," alisema, akiniita kaka kama siku zote. "Lakini kama hauniamini, mi narudia kwetu."

Akachukua msasa wake, akapanda mtumbwi wa kwenda Ubwari. Nilimwacha aende, tena nikaona nimeshinda.

Kesho yake nilirudia kazi peke yangu. Mchana, baada ya kula, niliupapasa ubao kwa mazoea, kisha nikapuliza. Rangi ikakimbia tena. Safari hii niliinama nikatazama vizuri: madoa matatu marefu yamepangana, na la nne fupi. Kidole changu cha mwisho kilikatwa nusu na shoka nikiwa mtoto. Niliweka mkono juu ya yale madoa, ukaenea sawasawa.

Nikaukwangua ubao, nikauosha kwa sabuni, na mikono yangu pia, hata mawese yakatoka. Rangi ilishika, vipele vyote vikabaki. Mfanyabiashara alipokuja kuuchukua alifurahi sana, akauliza yule fundi wa Ubwari yuko wapi amshukuru.

Nilimjibu kwamba amekwenda kusalimia wazazi, atarudi.